Redio Zisizo na Ubovu

Redio ya kwanza aliileta Benita, Jumanne moja ya mwezi wa nne, mwaka ule korona ilipoingia. Aliiweka juu ya meza ya Emile, akarudi nyuma hatua mbili kama matangazo yalivyoagiza, akasema, "Papa Emile, hii redio inakatika-katika."

Emile alikuwa fundi wa redio na simu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kibanda chake cha matofali ya udongo, kilichoezekwa turubai, kilikuwa kando ya njia pana inayotenganisha makazi ya Wakongo na ya Warundi, kwa hiyo wateja walimjia kutoka pande zote mbili. Yeye alikuwa Mkongo; alikimbia kwao Fizi akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na sasa ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kama kuna kitu hakukielewa, hakikumpa raha mpaka akijue. Mchungaji mmoja aliwahi kumletea redio iliyokuwa ikizima kila siku inapokaribia saa nne asubuhi, kisha inawaka yenyewe jioni. Mafundi wengine walisema ni betri. Emile alikaa nayo siku tatu, akiisogeza kivulini na kuirudisha juani, hadi akagundua kwamba jua la dirishani likiipiga, kiungo kimoja kilicholehemiwa vibaya kinaachana. Kukilehemu upya kulimchukua dakika moja. Alizifurahia zile siku tatu kuliko ile dakika.

Basi akaifungua redio ya Benita. Akapuliza vumbi, akagusagusa nyaya kwa ncha ya bisibisi, akaiwasha. Ikaimba vizuri. Akaitikisa, ikaendelea kuimba. Benita alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, barakoa yake ya kitenge imemfika chini ya macho. Zilipigwa nyimbo mbili, ikaja taarifa ya habari, ukafuata mpira wa zamani ambao hakuna aliyeutaka. Benita alisikiliza vyote.

"Haina kitu," Emile akasema.

"Basi labda ilikuwa waya."

"Labda."

Akaichukua, akashukuru, akaenda. Alhamisi akarudi nayo.

Kati ya siku hizo mbili walikuja wengine. Reverien, Mrundi mrefu anayelima bustani ya mchicha kule bondeni, alileta redio yake akisema ina mkwaruzo. Emile hakusikia mkwaruzo wowote. Mzee mmoja alileta ya kwake akidai haishiki stesheni. Ilishika stesheni zote, hata za ng'ambo ya ziwa. Dada mmoja muuza dagaa alisema ya kwake inatoa joto. Emile aliishika mkononi kwa nusu saa nzima, ikabaki baridi kama jiwe la mtoni.

Mwanzoni alikasirika. Alidhani watu wanamchezea. Jioni alimwambia mkewe, Jeanne, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nje ya nyumba.

"Wiki hii nimefungua redio kumi na moja ambazo haziumwi."

"Si heri? Shule zimefungwa, ibada zimepunguzwa, watu hawatembei. Ulikuwa unalia kwamba kazi itakufa."

"Hii siyo kazi. Kazi ni kuona ubovu."

Jeanne akaendelea kutwanga. "Basi uone," akasema.

Neno hilo lilimkaa Emile moyoni. Kesho yake alianza kuwaangalia watu badala ya kuziangalia redio. Alichogundua kwanza kilikuwa kidogo sana, akashangaa hakukiona mapema. Mtu mwenye redio mbovu kweli huiacha na kwenda zake. Ana safari ya maji, ana kuni za kutafuta, atarudi kesho. Hawa wenye redio nzima hawakuziacha. Walikaa. Hata alipowaambia, "Niachieni, nitaitazama mchana," walisema, "Hapana Papa, nitasubiri."

Kwa nini wasubiri?

Akaongeza benchi la pili, akaliweka mbali na la kwanza ili watu wasibanane. Akaweka ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni. Kisha akaendelea kutazama. Walikaa kimya zaidi ya walivyoongea. Wakiongea, waliongelea mvua, au unga wa mgawo, au mtoto wa fulani aliyeota jino. Korona yenyewe hawakuitaja. Mmoja akisimama kuondoka, aliaga wote waliopo, hata asiowajua.

Jumanne iliyofuata Benita alikuja kwa mara ya nne. Emile alikuwa amechoka kutazama na sasa alitaka jibu. Bila kupima maneno, na watu watatu wakiwa pale kwenye mabenchi, alisema:

"Benita, redio hii ni nzima. Mimi na wewe tunajua. Sasa anayeumwa ni nani? Ni wewe?"

Juu ya barakoa macho ya Benita yalijaa maji. Alinyanyuka, akaikumbatia redio yake ikiwa haijafungwa hata mfuniko wa nyuma, akaondoka haraka kupita kwenye matope. Muuza dagaa aliguna. Yule mzee akatazama pembeni.

Emile alibaki ameshika skrubu mbili ndogo za mfuniko ule kwenye kiganja.

Siku tatu Benita hakuonekana. Wengine nao walipungua. Bila shaka walikuwa wameogopa kuulizwa swali kama lile. Siku ya nne alikuja Reverien peke yake, na redio ya mkwaruzo. Aliiweka mezani. Emile aliifungua, akaitandaza, spika huku, saketi kule, asiulize chochote. Mvua ilianza, ikapiga turubai, ikapita.

"Papa Emile," Reverien akasema, "ukiichelewesha sitakasirika."

"Nimeona."

"Ego, ndiyo. Umeona." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nikwambie kitu? Napenda kuiona hivi. Imefunguliwa. Haisemi."

Emile akaweka bisibisi chini.

Reverien alieleza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili na mara nyingine akiyakosa. Mwaka 2015, vurugu zilipozuka kule Makamba, alijifungia ndani na mkewe siku tisa, mapazia yameshushwa, sikio kwenye redio ili wajue kama wanaweza kutoka. Siku ya sita ile stesheni ikanyamaza. Siku ya tisa wakatoka kwa miguu kuja Tanzania. Miaka mitano alikuwa amesahau, au alidhani amesahau. Halafu mwezi wa tatu redio ikaanza kuwaambia watu wapunguze kutoka, wajiepushe na mikusanyiko, wakae nyumbani.

"Ni maneno mazuri. Ni ya afya. Najua," alisema. "Lakini mwili wangu haujui. Mwili unaniambia ni zile siku tisa. Moyo unapiga mpaka asubuhi."

"Si ungetoa betri tu?"

"Nikitoa, mke wangu anarudisha. Ana haki, anataka kujua dunia inakwendaje. Nitamwambiaje kwamba mimi, mwanamume, naogopa redio? Nikisema ni mbovu nikaileta kwako, hapo nyumbani wanapumzika nayo. Na mimi naitazama tumbo lake, naona ni nyaya tu."

Emile alikuwa na jibu tayari kichwani kabla ya siku ile: watu wamekosa pa kukaa, wamekuja kukaa. Aliliamini kabisa. Sasa aliona kwamba kwa Reverien halikutosha. Huyu hakuja kutafuta benchi. Alikuja kutafuta ukimya wa redio. Je, yule mzee alikuja kutafuta nini? Na muuza dagaa? Na Benita, aliyeisikiliza mpaka mpira wa zamani?

Jambo hilo lilimwasha. Lakini pia lilimtisha, maana mara ya mwisho alipouliza, alimliza mtu.

Alhamisi alifunga kibanda mapema, akaenda kwa Winifrida.

Winifrida alikuwa mshauri nasaha, Muha wa Heru Juu, aliyeajiriwa na shirika moja la afya. Kabla ya korona alikuwa akiingia kambini kila siku kutoka Kasulu na kuwakalisha wanawake ishirini chini ya banda la makuti kuzungumza. Sasa mikusanyiko ilikuwa imesimamishwa na wafanyakazi wamepunguzwa zamu. Alikuja siku mbili kwa wiki, akakaa peke yake kwenye chumba kimoja karibu na zahanati. Mlangoni palikuwa na kibao: HUDUMA ZA AFYA YA AKILI.

"Karibu mzee wangu. Nikusaidie nini?"

"Habari, dokta."

"Mimi si dokta. Niite Winifrida."

"Basi Winifrida. Sijaja kwa ajili yangu. Nina swali la ufundi."

Akamweleza yote, redio moja baada ya nyingine. Winifrida alianza kwa kuandika, kisha kalamu ikasimama.

"Umesema wangapi?"

"Kumi na mmoja wiki ya kwanza. Baadaye wakazidi, kabla sijaharibu."

"Mimi tangu mwezi huu uanze nimepata watatu. Na mmoja wao alikosea mlango, alitaka dawa ya minyoo." Alitabasamu, lakini uso wake ulikuwa umechoka. "Nilidhani watu wanaogopa zahanati. Kumbe wanakuja kwako. Una nini wewe ambacho mimi sina?"

Emile alifikiri kweli, kama swali lilivyostahili. "Kwanza, mimi sina kibao kile. Mtu akiingia hapa, jirani akimwona, tayari ana jina. Kwangu ana redio."

"Nije nikae kwenye benchi lako?"

"Ukija na hicho kitambulisho shingoni, kesho sitaona mteja."

"Nikikivua?"

"Basi utakuwa umewadanganya. Na watajua. Sura yako wanaijua."

Winifrida alitazama nje, mahali banda lake la makuti lilipokuwa tupu, mbuzi wawili wamejilaza ndani.

"Wewe," Emile akauliza, "mtu akija hapa na moyo unaopiga mpaka asubuhi, unaanzia wapi?"

"Namuuliza tangu lini. Ilianza siku gani, na siku hiyo kulikuwa na nini. Ni wakati gani inazidi, ni wakati gani inapungua."

"Hivyo ndivyo nami nafanya na redio!"

"Naona. Tunatofautiana mahali pamoja. Wewe ukiona ubovu unautengeneza. Mimi mara nyingi siutengenezi. Nakaa na mtu mpaka yeye mwenyewe auone vizuri, na ajue hauoni peke yake."

Jibu hilo halikumpendeza Emile. Kukaa na kitu bila kukitengeneza kwake ilikuwa uvivu. Lakini alimsikiliza, siku ile na Jumanne iliyofuata, na Alhamisi baada ya hiyo, wakiwa wamekaa nje kwa umbali, yeye kwenye tofali, Winifrida kwenye kiti. Winifrida alimfundisha asikimbilie kusema "utazoea". Asiulize mbele za watu. Hapo Emile aliinamisha kichwa. Mtu akinyamaza, naye anyamaze, wala asihesabu ukimya huo kuwa kazi iliyoharibika. Na jambo moja alilirudia kwa sauti nyingine kabisa:

"Mtu akikwambia hataki tena kuishi, hiyo siyo siri ya kukaa nayo. Unabaki naye hapo hapo, unanipigia. Hata iwe Jumapili."

Emile aliiandika namba ya Winifrida kwa chaki ukutani, nyuma ya meza, mahali ambapo yeye peke yake angeiona.

Benita bado hakurudi. Ijumaa Emile alizifunga zile skrubu mbili kwenye karatasi, akanawa mikono, akaenda kumtafuta. Alimjua kama mwimbaji wa kwaya, sauti ya juu inayosikika kabla hujafika kanisani, lakini nyumba yake hakuijua. Ilibidi aulize mara tatu. Alimkuta nje, anapepeta maharage. Akasimama mbali.

"Nimeleta skrubu zako," akasema. "Na nimekuja kuomba msamaha. Niliuliza vibaya, mbele za watu."

Benita aliendelea kupepeta. "Kaa, Papa," hatimaye akasema, akaonyesha gogo.

Kutoka pale Emile aliona ndani ya nyumba, maana mlango ulikuwa wazi. Kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto wa kitambaa cha maua, na kando yake kigoda chenye redio. Hakuna aliyekuwa ameketi. Alikumbuka mafunzo yake akanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani.

"Ile redio ni ya mama," Benita akasema.

"Mama yuko wapi?"

"Tulimzika tarehe ishirini na saba ya mwezi wa tatu."

Ndipo Emile akamkumbuka. Yule mama alikuwa bibi mnene aliyekuwa akiuza chumvi karibu na bomba la maji; alimjua miaka kumi na tano. Amekufa wiki tano zilizopita, na yeye hakujua. Zamani kifo kilitangazwa kanisani, kikatangazwa kisimani, kikapita mlango kwa mlango. Mwaka huu mtu alikuwa anaweza kufa Nyarugusu, na aliye mitaa minne kutoka hapo asisikie.

"Ilikuwa pumu yake, ile ya siku zote," Benita alisema. "Lakini alikuwa anakohoa, na watu walisikia kikohozi tu. Makaburini tuliruhusiwa wachache. Kwaya haikuja. Matanga hayakukaliwa. Siku ya pili nilitandika mkeka hapa nje, nikasubiri. Akaja jirani mmoja, akasimama pale kwenye mgomba, akasema pole, akaondoka. Jioni nikaukunja mkeka."

Alisimamisha ungo.

"Mama alikuwa anaiwasha redio asubuhi, anaizima akilala. Nikiiwasha humu ndani namwona kwenye kiti. Nikiizima, nyumba inakuwa kubwa. Kwako nikiisikia, ni redio tu. Naweza kuisikiliza kwa ajili yake bila kuona kile kiti. Sasa umeelewa? Sikuwa nakudanganya. Inakatika kweli. Inakatika nikiwa hapa."

Emile alielewa. Na mikono yake, iliyozoea kushika bisibisi, haikujua pa kukaa. Hakukuwa na kiungo cha kulehemu. Alibaki pale kwenye gogo mpaka maharage yote yakaisha kupepetwa. Alipoaga, aliuliza jambo moja tu.

"Ule mkeka unao bado?"

"Ninao."

"Naweza kuja kesho na mke wangu, tukae?"

Benita alimtazama sana. "Mtakaa wapi? Si mnajua sheria."

"Kwenye mkeka utakaa wewe. Sisi tutakuja na vigoda vyetu."

Kesho yake walikuja, Emile na Jeanne, wakakaa kila mmoja hatua tatu kutoka kwa mwenzake. Jeanne alimjua marehemu kuliko Emile alivyomjua. Alianza kusimulia jinsi bibi yule alivyokuwa akipima chumvi kwa kikombe kilichobonyea, na ukimlaumu anakwambia kikombe kimebonyea kwa nje tu. Benita alicheka, halafu akalia, halafu akaingia ndani akanawa uso akarudi.

Emile alipofungua kibanda Jumatatu, aliwaambia watu wa mabenchi habari ya msiba, hakuongeza kitu. Muuza dagaa akasema, "Yule bibi wa chumvi? Hapana!" Mchana huo huo alikwenda. Winifrida aliposikia, alikwenda kuongea na kiongozi wa kijiji kile cha kambini, wakakubaliana: watu wanne kwa mara moja, nje, barakoa usoni, ndoo ya maji mlangoni, hakuna kupeana mikono, hakuna chungu cha pamoja. Jeanne alichukua kazi ya kupanga zamu, na aliifanya kwa ukali, akiwarudisha nyumbani waliokuja watano.

Matanga ambayo yangekaliwa siku tatu yalikaliwa wiki tatu. Hayakwenda sawasawa. Siku moja mvua iliwafukuza wote. Siku nyingine wanawake wawili waligombana kuhusu hatua ni ndefu kiasi gani, mmoja akaondoka amenuna. Kuna watu Benita aliwasubiri sana na hawakuja kabisa. Lakini Reverien, ambaye hakuwahi kumwona marehemu hata siku moja, alikuja karibu kila zamu iliyokuwa na nafasi. Emile alimuuliza kwa nini.

"Kule tulikimbia na kuacha wafu wetu," Reverien alijibu. "Sikumkalia baba yangu. Namkalia huyu." Halafu akauliza, "Mwishoni kuna siku ya kufunga? Kwetu huwa ipo. Tunaita kuganduka. Watu wanarudi kwenye kazi zao, wanaambiana basi, sasa tuishi."

Benita aliipenda habari hiyo. Jumamosi ya wiki ya tatu waliifunga, mchungaji akiomba kwa sauti kubwa ili waliosimama mbali wasikie. Wanakwaya wanne, waliopewa zamu ya mwisho, waliimba. Benita hakuimba nao. Alisema koo bado.

Kwa muda mrefu bado hakulala vizuri, na ni yeye mwenyewe aliyeuliza siku ambazo Winifrida huwa kambini. Akaanza kwenda kumwona kila Alhamisi, akipita chini ya kile kibao mchana kweupe. Kiti cha mama yake alikihamishia nje, karibu na mlango, mtu yeyote akakikalia. Reverien alimwambia mkewe jinsi zile siku tisa zilivyokuwa zikimrudia. Kumbe naye zilikuwa zikimrudia, kila mmoja akimficha mwenzake. Wakapatana redio iwashwe saa moja jioni, wasikie habari, izimwe.

Pale kibandani watu walirudi. Yule mzee wa stesheni hakusema kamwe alichokuwa akitafuta, na Emile, ingawa lilimwasha, hakumuuliza. Alimfungulia redio yake kila wiki na kuifunga. Siku moja muuza dagaa alifika mikono mitupu.

"Leo sina redio," akasema.

"Kaa," Emile akamwambia.

Mwezi wa tisa Winifrida alihamishiwa Kibondo, kwenye kambi ya Nduta. Hazikupita wiki mbili, akampigia Emile simu. Alikuwa amewakusanya mafundi watano, kila mmoja na kigoda chake: mshonaji anayeitwa Divine, kinyozi Claude, wa baiskeli, wa viatu na wa miavuli. Aliwaomba wamsikilize Emile, akaweka simu kwenye spika.

Emile hakuwa amejiandaa. Aliwaambia alichojua: wasiulize mbele za watu, wasiharakishe, wawe na namba ya Winifrida karibu. Akawaambia pia kwamba yeye alidhani watu wote wanakuja kwa sababu moja, na alikosea. Kisha akaishiwa. Simu ikawa inavuma upepo wa Nduta.

Kinyozi akakohoa. "Mimi Claude. Nina swali. Mteja akianza kulia wakati wembe uko kichwani, nifanye nini?"

"Ondoa wembe kwanza," Emile akasema.

Kule upande wa pili wakaangua kicheko, hata Winifrida. Claude akangoja kiishe.

"Nauliza kweli, Papa. Imenitokea mara tatu mwezi huu. Wanaume wazima."

"Ulikuwa umemuuliza nini?"

"Sikumuuliza kitu. Nilimshika tu kichwa, nikigeuze. Kumshika tu, akalia."

Tangu mwezi wa tatu watu walikuwa wakisalimiana kwa viwiko na kwa mbali, na Emile, kwa kutazama kwake kote, alikuwa ametazama nani anakaa, nani anasikiliza, nani ananyamaza. Hakuwahi kuwaza ni nani aliyeguswa mara ya mwisho lini. Alizima chuma chake cha kulehemu kwenye maji, akavuta kigoda karibu na ukuta mahali simu inaposhika vizuri.

"Claude," akasema, "hebu niambie kuhusu huyo wa kwanza. Alikaaje? Ulimshika wapi? Anza mwanzo."